Mtutu Mnene na Bega la Mpigaji

Kuna ubishi usiokwisha huku kwetu, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, hasa lubisi ikishazunguka: bunduki ipi ni ya mwanaume? Jibu huwa moja tu: yenye mtutu mnene. Mwenye .458 humcheka mwenye .375 (namba hizo ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi), na wote wawili humcheka mzee mwenye gobore. Mimi nasema ubishi huu ni wa kipumbavu, tena wa hatari.

Hebu tuitazame hiyo .458 ya Winchester. Ilipotoka mwaka 1956, baruti yake ilishindiliwa mno katika ganda fupi. Ilipokaa muda mrefu, ikagandamana, na risasi nyingine zikatoka goigoi, zisiweze kumpenya nyati ipasavyo. Upana ulikuwa ule ule, milimita 11.6, kilichopungua ni mwendo. Rigby wa Uingereza, mwaka 1911, alikuwa amefanya kinyume: ganda la .416 alilifanya pana, ili joto la nchi kama zetu lisizidishe mno msukumo wa baruti ndani ya bunduki. Huyo alifikiria jua, hakufikiria sifa.

Wapo na wa upande wa pili, ambao hunitajia Bell, yule Mskochi aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Ila Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alitumia risasi ngumu isiyotanuka. Wewe, ndugu yangu, umepasua fuvu gani?

Kanuni zetu zinataka isipungue .375 kwa wanyama hatari, nami naziunga mkono. Risasi yake ya gramu 19, ikiwa ngumu, huvunja bega la nyati. Na bega la mpigaji wa kawaida hulivumilia teke lake. Ile ya ncha laini hutanuka haraka. Kwa swala inafaa sana. Kwa fuvu la kiboko ni kumchokoza tu. Na anayeogopa teke la kitako hufumba macho kabla hajafyatua. Hapo unene wa mtutu unamsaidia nini?

Burigi ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019, na uwindaji humo umekwisha. Lakini nyati hajui mpaka. Akiingia shambani huitwa askari wa wanyamapori, na swali la risasi hurudi pale pale. Akimjeruhi tu, nyati hujificha kichakani, na kesho yake asubuhi anayepita hapo ni mama mwenye panga na kamba ya kuni. Kabla ya kumnunulia askari huyo bunduki nene zaidi, apewe kwanza risasi za kutosha za kujifunzia shabaha, kwa bunduki ile ile aliyo nayo.