MGENI WA KENYA NA AULIZE WENYEJI

Wageni wengi huja Kenya kwa mara ya kwanza kila mwaka, na huja na vijitabu vya mawaidha mkononi. Nimebahatika kusoma viwili. Vyote vyasema nenda Maasai Mara, nenda Mombasa, nenda Lamu. Mto wetu wa Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, umetajwa kama daraja tu la kuvukia pale Garsen! Kwa maoni yangu mawaidha hayo yana upungufu, maana wenyeji hawakuulizwa.

Hebu tuchukue mfano wa saa. Mjomba wangu aliwahi kuwa utingo wa basi la Malindi hadi Lamu. Asimulia kwamba mgeni mmoja aliambiwa basi litapita Minjila saa tatu. Bwana yule akaja saa tisa alasiri, kwani saa yake ya mkono ilionyesha 3. Kumbe basi lilipita asubuhi! Kijitabu hakikumwambia kwamba sisi twahesabu saa tangu jua lichomozapo.

Mambo ya serikali yamo vijitabuni, nami sitayarefusha. Tangu Januari 2024 mgeni wa nchi nyingi huomba kibali kwa intaneti kabla ya kupanda ndege, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Aiache kwao.

Lakini mvua je? Huku Nanighi, kati ya Garissa na Hola, mvua za Aprili au Novemba zaweza kukata barabara. Mwaka wa 2023 maji yalifunika barabara karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Tena jua likiwaka kabisa huku, mto waweza kufurika kwa mvua iliyonyesha bara. Mgeni akiuona umetulia asijitose kuoga. Mamba hasomi kijitabu. Amuulize mwenye mtumbwi, naye atamwonyesha mahali watu wanapochota maji.

Sasa nafika pale panaponiuma. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikiwaonya raia wake wasifike sehemu kadhaa za Tana River, Garissa na Lamu. Sikatai, mashambulizi yametokea, na mgeni asiyesikia onyo ni mpumbavu. Aulize polisi na madereva, asafiri mchana. Ila onyo likishatolewa, watu hupaka kaunti nzima rangi moja. Si unaona? Mbega wekundu wa Tana hawapatikani popote duniani ila katika misitu ya mto huu, na hifadhi yao iliwekwa tangu 1976. Ni wageni wangapi wamewaona? Na mama anayeuza maembe kando ya barabara atamwuzia nani ikiwa magari yapita vioo vimefungwa?

Kuna wenzangu darasani wanaosema eti utalii ni wa watu wa Malindi, sisi tuna mashamba na mifugo. La hasha! Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee wetu, na wala hawakutaja Malindi peke yake.

Napendekeza chama chetu cha Kiswahili kiandike kijitabu chetu wenyewe. Baadhi yetu wawaulize wenye mitumbwi habari za mto, wengine wawaulize madereva habari za barabara. Sisi wengine tutaandika. Walimu, tafadhali, tunaomba karatasi tu.