Chuma Kilichomo Mwilini Kina Jina: Kiandikwe Kwenye Kadi ya Mgonjwa

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Malori, mabasi na pikipiki hupita humo usiku na mchana, na wanyama nao huvuka. Kila mhudumu wa afya wa Mikumi na Kilosa anaujua mwisho wa habari hiyo: paja lililovunjika, mguu uliopondeka, rufaa ya haraka, kisha upasuaji. Mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na sahani ya chuma na skrubu mfupani, au rodi ndani ya uboho wa mfupa. Wengine hurudi na vyuma vya nje, ambavyo watu wetu wameviita «antena».

Mfupa huunga, na mtu hurudi shambani. Chuma hubaki, pengine kwa maisha yake yote. Kinachopotea ni habari zake. Kwenye kadi nyingi za kuruhusiwa huandikwa tu kwamba mgonjwa «amewekewa chuma». Hoja yangu ni kwamba maneno hayo hayatoshi. Aina ya chuma iandikwe kwa jina lake, kwa maana siku moja usalama wa mgonjwa utategemea jina hilo.

Siku hiyo mara nyingi huwa ni siku ya kipimo cha MRI. Mashine hii haitumii mionzi kama ile ya eksirei. Hutumia sumaku kubwa pamoja na mawimbi ya redio kuchora picha za ubongo, uti wa mgongo na viungo. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoielekeza dira. Sumaku hiyo hutokana na nyaya za niobi na titani zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi joto 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo umeme huzunguka ndani ya nyaya bila kizuizi. Ndiyo sababu sumaku haizimwi kazi ikiisha. Ipo usiku, ipo sikukuu. Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuvutwa na mashine hiyo akiwa ndani yake.

Je, sahani iliyomo pajani nayo itavutwa vivyo hivyo? Jibu halitoki kwetu matabibu. Limetoka kwa wanafizikia na wahandisi wa mata. Ndani ya chuma cha kawaida, kila atomi huwa kama sumaku ndogo kwa sababu ya elektroni zake, na sumaku hizo huelekea upande mmoja kwa makundi. Hapo ndipo nguvu ya kuvutwa inapotoka. Chuma kikichanganywa na kromi na nikeli kwa kiasi cha kutosha, mpangilio wa fuwele zake hubadilika na mwelekeo ule wa pamoja hutoweka. Hivyo chuma cha pua kinachotumiwa katika upasuaji wa mifupa leo, ingawa sehemu yake kubwa ni chuma, hakivutwi kama spana. Titani nayo haivutwi.

Maarifa hayo yalikuja kwa kupokezana. Daktari wa upasuaji wa Uingereza, William Arbuthnot Lane, aliunga mifupa kwa sahani za chuma tangu miaka ya 1890, lakini chuma cha wakati ule kilishika kutu mwilini. Chuma kisichoshika kutu kilipata umaarufu kutokana na kazi ya Harry Brearley, mtaalamu wa metali wa Sheffield, mwaka 1913, naye alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Titani ilijulikana kushikamana vyema na mfupa kutokana na kazi ya Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyekuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Taaluma moja ilitafuta lake, nyingine ikalipokea na kulitumia.

Hata hivyo, kutovutwa hakumaanishi kuwa salama kabisa. Kila metali hupitisha umeme, na mawimbi ya redio ya MRI yanaweza kuipasha joto, hasa ikiwa ndefu au ikiwa na umbo la kitanzi. Chuma cha pua pia huharibu picha zaidi kuliko titani, hata eneo linalotafutwa likafunikwa na kivuli. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2005 zimekuwapo alama tatu za kimataifa: mraba wa kijani kwa kifaa salama, pembetatu ya njano kwa kifaa kinachoruhusiwa kwa masharti, na duara jekundu kwa kifaa kisichoruhusiwa. Vyuma vingi vya mifupa vimo katika pembetatu ya njano. Masharti hayo hayawezi kutimizwa iwapo kifaa chenyewe hakijulikani.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Kilosa ambaye, miaka minane baada ya ajali, miguu yake imeanza kufa ganzi. Anapewa rufaa kwenda Dodoma au Dar es Salaam. Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 imeipunguza adha ya njia, lakini nauli, malazi na siku za kazi bado ni zake. Mlangoni pa chumba cha MRI anaulizwa: «Uliwekewa chuma gani?» Hajui. Kadi imeliwa na mchwa au imefifia kwa mafuriko. Mtaalamu makini hana budi kuahirisha kipimo na kuanza kutafuta. Eksirei humwonyesha umbo la kifaa, lakini haimtajii kwa uhakika aina ya metali. Kupitisha sumaku ndogo juu ya ngozi nako si kipimo cha kutegemewa. Wakati huo uti wa mgongo unaendelea kubanwa.

Napendekeza mistari mitatu tu kwenye kadi ya kuruhusiwa: aina ya metali na ya kifaa; mtengenezaji na namba ya toleo; tarehe, hospitali na sehemu ya mwili. Vifaa vingi huja na kibandiko chenye habari hizo, na kibandiko hicho kingeweza kubandikwa kwenye kadi badala ya kutupwa pamoja na boksi. Pale ambapo habari hazipo, iandikwe wazi kwamba hazijulikani. Najua wauguzi wetu wamelemewa, na kwamba MRI haipo wilayani. Lakini kazi hii ni ya dakika mbili, na chuma kitaishi mwilini kwa miaka mingi. Mashine zitaendelea kusogea karibu nasi; habari iliyopotea leo haitarudi.

Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya nao wana swali la kuongeza kabla ya rufaa ya MRI: je, umewahi kuchomelea vyuma au kukata kwa msumeno wa umeme? Ujenzi wa reli umewapa vijana wengi wa Kilosa kazi hiyo. Kipande kidogo cha chuma cha kawaida kilichobaki jichoni kinaweza kusogezwa na sumaku na kupofusha. Aulizwe pia kuhusu risasi, betri ya moyo na vifaa vya kusikia vilivyopandikizwa.

Kwa vyuo vikuu vyetu nina ombi. Vyuma vinavyotolewa kwa wagonjwa waliopona hutupwa kila siku, na wengine hawajui walivaa nini. Maabara za fizikia na uhandisi wa mata nchini zingeweza kuvipima, kwa ridhaa ya wagonjwa na kibali cha maadili, ili tujue ni metali zipi hasa zimo katika miili ya watu wetu. Utafiti huo hauhitaji jengo jipya. Unahitaji daktari wa mifupa, mwanafizikia na mtaalamu wa mionzi wakae meza moja.

Nawe, mgonjwa mwenye chuma, usisubiri utafiti. Ukirudi kliniki, omba jina la chuma chako liandikwe. Lipige picha kwa simu, na mwachie nakala mtu unayemwamini nyumbani. Hiyo ni haki yako, kama ilivyo haki yako kujua jina la dawa unayomeza.