KWANZA KUPAMBANUA, KISHA KUUNGANA



Katika kaye zetu tunaandika: "Anzimu inakula seluloze." Tunapata pointi, tunapita. Lakini anzimu hiyo si moja.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kule Visiwa vya Solomon, vitambaa vya pamba vya jeshi la Marekani vilikuwa vinaoza mbio. Njo kule walitoa ukungu unaoitwa leo Trichoderma reesei. Maji yake iko na anzimu nyingi zimechanganyikana: zingine zinakata uzi wa seluloze katikati, zingine zinauguguna toka ncha, zingine zinamaliza vipande vidogo viwe glukozi.

Wataalamu walizipambanuaje? Kwa vitu vya jamii ileile ya seluloze! Mwaka 1956 Peterson na Sober walionyesha seluloze iliyoungwa na kikundi chenye umeme pozitifu. Anzimu zenye umeme negatifu zinashikwa, zingine zinapita. Kisha maji ya chumvi, yakikolezwa polepole, yanaziachisha kwa zamu. Mwaka 1959 Porath na Flodin, wa Uppsala katika Uswidi, walileta chembe za dekstrani zenye vitundu: molekuli kubwa zinapita nje mbio, ndogo zinaingia ndani na kuchelewa.

Hapo wakaona jambo la ajabu. Juu ya pamba ngumu, kila anzimu peke yake inafanya kazi kidogo tu. Zikirudishwa pamoja, kazi inapita jumla ya zote.

Sasa tuangalie meza ya laboratwari yetu. Wanafunzi sita: mmoja anapima, watano wanakopia, pointi sawasawa. Iko watu wanaosema huo ni umoja. Sisi tunakataa. Huo ni mchanganyiko tu. Mwalimu hajui nani anaweza nini, na mwanafunzi mwenyewe hajijui.

Tunaomba hivi: kabla ya kazi ya pamoja, kila mmoja apime kitu kimoja kwa mkono wake, aandike jina lake. Watasema saa ni fupi. Dakika kumi zinatosha. Kisha tuungane, kila mtu na kazi yake. Pengine yule mpole anayekaa nyuma njo anaweza kushika ile ncha ambayo hodari wa darasa ameshindwa.