Watoto wetu wanaigiza vita, tuwape pia historia ya zamani

Katika mji wa Butembo, iwe komini ya Kimemi, Vulamba, Mususa ao Bulengera, michezo ya watoto inafanana. Wanajigawa makundi mawili: hawa ni askari wa Serikali, wale ni Mai-Mai. Bunduki ni kijiti. Anayepigwa risasi anaanguka, anangoja kidogo, kisha anaamka na kuendelea. Wazazi wanapita wakicheka.

Hatuna sababu ya kuwagombeza. Mtoto anaigiza anachokiona. Aliyezaliwa Beni mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza, amekua akisikia habari za ADF, za wahami na za vijiji vilivyochomwa. Shida ni kwamba historia anayoijua kwa mwili wake, ya kukimbia na kujificha, haina hata umri wa baba yake.

Mahali pengine, kuigiza historia ni mchezo wa watu wazima. Kule Poland, kila mwezi wa saba, watu wanavaa nguo za chuma na kurudilia vita ya Grunwald ya mwaka 1410. Uingereza wanafanya vile kwa vita ya Hastings ya 1066. Marekani kuna chama cha namna hiyo tangu 1966. Ni wafanyakazi wa kawaida: mwalimu, fundi, muuguzi. Siku za mapumziko wanashona nguo za kale, wanafua chuma, wanasoma vitabu ili wajue mtu wa wakati ule alikula nini na alilala wapi.

Msomaji wa Butembo anaweza kusema: hao wamekosa shida. Ni kweli kwamba pembeni ya uwanja wa Grunwald hakuna mjane anayelia juu ya maiti ya 1410. Sisi hatuwezi kuigiza vita kwa furaha wakati vita bado iko barabarani. Lakini kusema kwamba jambo lenyewe ni la wazungu, hapana. Kila Ijumaa Kuu, vijana wa parokia zetu wanaigiza Njia ya Msalaba. Wanafanya mazoezi, wamama wanatafuta nguo, mmoja anabeba msalaba mzito chini ya jua. Watu wote wanajua mwisho wa habari ile, na bado wanalia. Kumbe tunajua vizuri kazi ya kuigiza yaliyopita. Tunakosa tu kuitumia kwa historia yetu wenyewe.

Tuanze na chumvi. Kabla mzungu hajachora mpaka, mababu walitoa chumvi Katwe, ambayo leo ni Uganda, wakavuka ziwa Edouard kwa mitumbwi, kisha wakaipandisha milimani ili kuibadilisha na vyakula. Leo Butembo inajulikana kwa wafanyabiashara wanaofuata mali Kampala, Dubai na China. Watoto wanaona magari yao, lakini hawajui kwamba biashara hii ina umri kuliko inchi yenyewe.

Shule moja inaweza kuigiza safari hiyo kwa siku moja, kwenye kilima kilicho karibu na ndani ya mji, bila kumtuma mtoto kwenye barabara ya hatari. Gharama si kubwa. Kazi kubwa ni maulizo: chumvi ilifungwa katika nini? Mzigo ulikuwa na kilo ngapi? Walivaa nini? Walilala kwa nani, na walilipa nini njiani? Padri Lieven Bergmans aliandika juu ya mila za Wanande, na kitabu kitasaidia. Lakini mengine yako katika vichwa vya wazee, na wengi wao leo ni wahami waliopokelewa katika nyumba za Butembo. Tunawapa unga na maharagwe, na ni vizuri. Tuwape pia wanafunzi wa kuwauliza. Tusipowauliza sasa, watazikwa mbali na vijiji vyao pamoja na yote wanayoyajua.

Kuna hatari moja ya kutazama. Ngambo ya Semliki, katika miaka ya 1950, Isaya Mukirane na wenzake waliunda kundi la kutafuta historia ya Wakonzo, ndugu zetu. Katika kundi hilo kulitoka harakati ya Rwenzururu, na baadaye damu ikamwangika. Walikuwa na malalamiko ya haki, lakini funzo linabaki: historia ya kabila moja peke yake inaweza kugeuka silaha. Kwa hiyo mchezo wetu usiwe wa Wanande tu. Wambuba, Walese, Wapakombe, Watalinga na Wambuti wawemo, wakieleza wenyewe walivyoishi na walivyopokea wageni. Mtoto akicheza nafasi ya jirani, itakuwa vigumu kesho kumdanganya kwamba jirani huyo alikuja jana.

Wakubwa wa shule, parokia, maskauti na Chuo Kikuu cha Graben wanaweza kuanza bila kungoja mradi wa shirika la kigeni. Watoto hawataacha bunduki za vijiti kwa sababu tumewakataza. Wanaweza kuziacha kwa saa chache wakipewa mzigo wa chumvi, njia ya kupanda na mzee wa kuwaeleza inakokwenda.