Dodoma inawaficha wageni zabibu zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nifikishe kilio changu kwa uongozi wa Jiji la Dodoma, kwa wenye hoteli na migahawa ya mji huo, na kwa wote wenye dhamana ya utalii wa ndani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Temeke. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa nchi hii kwamba makao makuu yetu ni Dodoma, na kwamba huko ndiko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hivi karibuni nilikwenda huko na binti yangu na wajukuu kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Nimerudi na masikitiko ambayo sitaki yaishie sebuleni kwangu.

Safari yenyewe haina lawama. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaondoka Dar es Salaam asubuhi na mchana anakula Dodoma, safari ambayo kwa basi ilikuwa ya kutwa. Hilo limebadilisha wanaoshuka pale stesheni. Zamani aliyekwenda Dodoma alikuwa na kikao, usaili, faili lililokwama wizarani au mgonjwa hospitali. Leo zinashuka familia, wanandoa vijana, wazee kama mimi wanaotaka tu kuuona mji mkuu wa nchi yao. Lakini mji bado unatupokea wote kama wajumbe wa semina: chumba, chai ya saa nne, chips kuku, kwaheri.

Nianze na chakula, maana ndicho kilichoniuma zaidi. Hoteli tuliyofikia siitaji, kwa kuwa mambo niliyoyakuta hapo niliyakuta na kwingine. Usiku tulipoketi kula, tulipewa menyu ya kurasa nyingi yenye chips kuku, chips mishkaki, wali kwa maharage, tambi na piza. Nikamwuliza kijana aliyetuhudumia kama kuna ugali wa mtama au wa uwele, na mlenda. Alinijibu kwa adabu kabisa, "Bibi, hicho ni chakula cha nyumbani, wageni hawali." Binti yangu akaomba mvinyo wa Dodoma. Uliokuwepo ulitoka Afrika Kusini. Wajukuu wakaomba juisi ya zabibu, wakaletewa ya pakiti, na nilipoigeuza nisome maandishi nikaona imetengenezwa nje ya nchi. Kutoka meza ile hadi mashamba ya mizabibu ya Mpunguzi au Bihawana si mwendo wa kumchosha dereva wa bodaboda.

Kijana yule simlaumu, kasema alichofundishwa. Ninaowalaumu ni wanaopanga menyu na wanaoziacha ziwe hivyo. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukame huo huo, pamoja na jua lake, ndio unaoifanya zabibu ikubali pale. Hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima akipogoa kwa mpangilio anavuna mara mbili. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Pamoja na hayo yote, mara kwa mara tunawasikia wakulima wakilia kwamba zabibu inawaharibikia mikononi kwa kukosa soko. Soko la kwanza la mkulima lingekuwa meza za mji wake mwenyewe. Mji una wabunge, mawaziri, maelfu ya watumishi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na sasa treni zinazojaa abiria. Ikiwa hao wote wanakunywa juisi ya ng'ambo, tunamtaka mkulima wa Hombolo auze wapi?

Mtama, uwele na mlenda navyo vina hadhi yao. Hivyo ndivyo vyakula vilivyowavusha Wagogo, wenyeji wa Dodoma, miaka ya njaa, mahindi yaliponyauka. Asubuhi iliyofuata tulikwenda soko la Majengo kuvitafuta wenyewe. Mama mmoja alikuwa amepanga mlenda mkavu uliosagwa, anapima kwa kikombe. Alimwagia binti yangu kidogo kwenye kiganja aunuse, akamwelekeza: maji yachemke, tia magadi kidogo tu, nyunyiza mlenda huku unakoroga usifanye mabonge, mwisho karanga za kusagwa. Akatuonyesha na kibanda cha mama lishe ambako ugali wa uwele ulikuwa unatoka jikoni muda ule. Wajukuu wangu, waliozaliwa na kukulia Dar es Salaam, walikula wakaomba waongezewe. Mama lishe alituambia wateja wake ni madereva na wapagazi, watu wa mahotelini hawafiki. Watafikaje, mheshimiwa Mhariri, wakati hakuna aliyewaambia kwamba yupo?

Hapo ndipo ninapokuja kwenye matembezi, kwa maana shida ni ile ile. Tuliona Nyerere Square na sanamu ya Mwalimu, tukaona makanisa na misikiti ya katikati ya mji, tukapiga picha Bunge kwa mbali. Baada ya hapo hapakuwa na wa kutuambia twende wapi. Stesheni hatukuona ramani ya mji kwa ajili ya mgeni. Mapokezi ya hoteli hawakuwa nayo. Sehemu moja ya maonyesho tuliyoambiwa inafaa kwa watoto tulikuta geti limefungwa, mlinzi akatueleza kuwa hufunguliwa siku za kazi, saa za ofisi. Sasa familia yenye watoto wa shule itakwenda lini? Mji huu ulipangwa kwa makini: chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, na ramani kuu ya mwaka 1976 ilimfikiria mtembea kwa miguu kuliko mwenye gari. Leo mtembea kwa miguu mgeni anaulizia njia kwa waendesha bajaji, na hao wanajua vizuri mji wa serikali wa Mtumba, Bunge na hospitali, kwa sababu ndiko wanakopeleka watu kila siku.

Katika matembezi hayo, kilichoniumiza hasa ni kuikosa Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa. Michoro hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Iko ndani ya Mkoa wa Dodoma. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kuna twiga, tembo na pofu, waliochorwa kwa rangi nyekundu na mikono ya watu walioishi kwa kuwinda na kuchuma matunda. Na si mambo ya kale tu, kwani katika pango la Mongomi wa Kolo wenyeji hadi zama zetu wameendelea kwenda kufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Nimeyaeleza hayo darasani miaka na miaka, nikiwa na chaki tu mkononi. Nilitamani wajukuu wayaone kwa macho.

Nilipouliza mapokezi namna ya kufika, dada wa zamu aliwauliza wenzake, kisha akanishauri kwamba kama nataka utalii niende Arusha. Kampuni moja ya magari ilitutajia bei ya kukodi iliyozidi nauli ya treni ya familia yetu yote kwenda na kurudi. Barabara ya lami ipo, na mabasi ya Babati na Arusha yanapita Kolo hapo hapo. Lakini basi linakushusha barabarani, michoro iko juu milimani, na usafiri wa kukurudisha mjini jioni hakuna aliyeweza kutuhakikishia. Kwa mwanamke wa umri wangu mwenye watoto wadogo hilo halikuwezekana, tukaacha. Mzungu mwenye gari lake na mwongozaji wake anafika. Mtoto wa Kitanzania aliyeisoma Kondoa katika kitabu cha historia hafiki.

Najua watakaonijibu kwamba Dodoma ni jiji changa, lilipewa hadhi hiyo mwaka 2018, na kwamba kwanza zijengwe barabara na ofisi. Barabara nimeziona na nazipongeza, mji ni msafi na watu wake ni wakarimu. Ila reli ya Wajerumani ilifika pale mwaka 1910, na uamuzi wa kuhamia umepita nusu karne. Tena ninayoyaomba hayahitaji mkopo wa benki. Jiji likae na wenye hoteli, wakubaliane kila menyu iwe na angalau sahani moja ya kienyeji na kinywaji kimoja cha zabibu ya Dodoma, chenye jina la kijiji kilikotoka. Maonyesho ya umma yafunguliwe Jumamosi na Jumapili, wahusika wapumzike Jumatatu. Pale stesheni iwekwe ramani kubwa yenye soko la Majengo, mashamba ya mizabibu yanayopokea wageni na mahali pa kusikiliza zeze na ngoma za Kigogo. Dodoma ndiyo iliyomzaa mwanamuziki Hukwe Zawose, ambaye sauti yake na marimba yake vilipigiwa makofi Ulaya, lakini katika siku zetu zote pale muziki wa Kigogo hatukuusikia hotelini wala barabarani.

Na kuhusu Kolo, basi dogo moja tu linatosha, litoke Dodoma Jumamosi alfajiri na kurudi jioni, nauli ijulikane na kiti kikatiwe pamoja na tiketi ya treni. Wajukuu wangu wanataka kurudi likizo ya Juni. Namwomba yeyote mwenye dhamana ajibu kupitia ukurasa huu kabla ya wakati huo, atuambie basi hilo litapatikana au halitapatikana, ili nijue nawaambia nini.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam