Habari za Wiki kwa Mwendo wa Miguu



Kijana mmoja msomaji wetu ametushika kosa. Asema ukurasa huu wajiita wa habari za wiki, na gazeti lenyewe hutoka mara moja kwa mwezi. Hivyo habari zetu zimfikiapo huwa zimekwisha kuota ukungu, naye amekwisha kuzisoma zote katika simu yake angali kitandani, kabla hajatawadha. Kosa twalikiri. Walakini sisi ni watu wa Tabora, na mtu wa Tabora akishtakiwa kwa kuchelewesha habari, mashahidi wake wamo njiani tangu zamani. Basi mwezi huu tumeazimia kutazama nyuma si wiki moja, bali wiki nyingi kidogo.

Tuanze na habari za dunia, kama ilivyo desturi yetu. Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za Dakta Livingstone ulifungwa Unguja, ukakabidhiwa msafara uupeleke Ujiji. Msafara ulivuka bahari ukafika Bagamoyo, na hapo ukaona pepo za pwani ni nzuri, ukakaa yapata miezi mitatu. Ulipokwisha kujikokota hadi Kwihara, karibu na mji wetu, mwaka 1871, njia ya Ujiji ikafungwa na vita vya Waarabu na Mtemi Mirambo wa Urambo. Mfuko ukalala. Stanley ndiye aliyeuchukua, akazungukia njia ya kusini, na Novemba 1871 akamkabidhi mwenyewe huko Ujiji, mwaka mzima tangu ulipotoka Unguja.

Sasa, kijana wetu, tazama adabu ya yule mzee. Alifungua kwanza barua moja mbili za watoto wake. Zilizobaki akaziweka, akasema amesubiri barua kwa miaka, hashindwi kusubiri saa chache zaidi, bora aambiwe kwanza habari za ulimwengu. Akaambiwa kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa. Nao ulikuwa umefunguliwa tangu 1869. Akaambiwa Grant amechaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Naye Grant alikuwa amekwisha kukikalia kiti karibu miaka mitatu. Hakuna aliyenung'unika kwamba habari zimechacha. Habari za wiki hiyo zilitosha kuzungumzwa hata usiku wa manane.

Tuje katika michezo. Tarehe 7 Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, siku ya 134 tangu walipoiacha pwani. Tarehe iyo hiyo ya 7 Novemba, mwaka 2024, vijana wa Tabora United waliingia uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, wakawafunga Yanga, mabingwa wa nchi, mabao matatu kwa moja. Burton alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka kwetu. Mabao yetu matatu yalifika Tabora kabla mlinda mlango hajauokota mpira wavuni. Siku hiyo hata sisi hatukulalamikia mwendo kasi wa habari. Kuna watu walioheshimika mtaani kwa utulivu wao ambao hatutawataja, maana wameoa na kuozesha, walioonekana wakirukaruka barazani kama watoto wa chuoni siku ya Idi.

Mwaka 2025 timu hiyo ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato, ikaitwa TRA United. Waliocheka hawajui historia. Zamani msafara wowote uliopita njia hii ulilipa hongo kwa watemi. Wala neno hilo halikuwa na aibu iliyo nayo leo, bali lilikuwa ushuru wa halali wa kupita katika nchi ya mtu. Basi twaona mambo yamerudi mahali pake: Tabora haipitwi bure.

Katika burudani hatutakawia, tusije tukagombana na wazee wetu. Twakumbusha tu kwamba mji huu mmoja ulipata kuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz. Na mshabiki wa kila moja alikuwa tayari kula yamini kwamba hizo mbili nyingine zapiga masufuria. Ugomvi huo ulikuwa na heri yake: kila mtu alisema alilolisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Na hapo ndipo kicheko chetu kinapokwisha, wasomaji wapenzi, maana tunayo habari moja ya mtaani kwetu ambayo haituchekeshi.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, ujumbe ulipita katika simu kwamba mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa amesafiri Kigoma, amefariki. Muda si muda vilio vikasikika. Turubai likafungwa, mchele ukanunuliwa, vijana wakaulizana habari za kaburi. Mama yake mzazi, ajuza asiyeweza tena kutembea bila mkono wa mtu, alianguka hapo hapo alipoketi. Asubuhi gari moshi likaingia stesheni, na marehemu akateremka na kikapu chake cha dagaa. Aliyekufa alikuwa mtu mwingine, wa jina kama lake.

Tulipochunguza asili ya ujumbe ule, kila mtu alijibu, "Nami nilitumiwa." Na sisi tunaoandika ukurasa huu, ambao kazi yetu ni kuwafundisha watu namna ya kupokea habari, tulikuwa tumeutuma kwa watu kumi na mmoja. Tuliwahesabu. Mzee yule hakutukaripia. Aliketi chini ya turubai lake mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Enyi wanangu, katika ninyi nyote hakuna hata mmoja aliyenipigia simu mimi?" Hatukuwa na jibu. Mama yake aliugua siku nyingi, na hata leo mlango ukigongwa usiku hushtuka.

Wala si uzushi wa kwanza wa namna hii. Desemba 1866 mtu aliyeitwa Musa alifika Unguja na wenzake, watu wa Nzwani, wakaeleza jinsi Livingstone alivyouawa huko bara. Walieleza kwa ufundi mkubwa, mpaka wakubwa wakasadiki na magazeti ya London yakatangaza msiba. Kumbe walikuwa wamemkimbia, nao wataka mshahara wao. Walitumwa watu mwaka 1867 mpaka Ziwa Nyasa kuulizia, wakarudi na habari kwamba maneno yale ni ya uongo. "Maiti" akaishi zaidi ya miaka sita baadaye.

Alipokufa kweli, mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliokuwapo ni Abdullah Susi na James Chuma na wenzao. Hao hawakuleta neno la kusikia. Waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakautia mabegani pamoja na daftari zake, wakaanza safari. Oktoba mwaka huo walifika kwetu Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliifikisha maiti Bagamoyo, baada ya miezi tisa hivi, na ikazikwa London mwezi wa Aprili. Hapakuwa na mtu wa kuuliza tena kama habari ni kweli au si kweli.

Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa bora. Njia hii yetu yenye miembe ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na mwenye akili haitamani irudi. Twasema hili tu: habari ilipokuwa yaja kwa miguu, ilikuwa na mwenye miguu. Alijulikana jina, na akisema uongo alijulikana pa kumtafuta. Siku hizi habari haina mwenyewe, kila mtu ni mpagazi na hakuna ajuaye alichobeba. Na sisi Waislamu hatuna udhuru, kwa kuwa Sura ya Hujurat imekwisha kutuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Sisi tumejuta.

Basi, kijana wetu, ukipata habari ya msiba, au ya ndoa iliyovunjika, au ya binti wa watu, ifanye ilale Kwihara kidogo. Mpigie simu mwenyewe. Haitachukua siku 134.

Tutaonana mwezi ujao, Inshallah, tukiwa na habari zilizochacha kama kawaida yetu.