Dawa za mapafu na wagonjwa waliowekwa kando

Tiba ya shinikizo la damu kwenye ateri za mapafu imetumia miongo mitatu kutanua mishipa. Epoprostenoli iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, bosentani mwaka 2001, na sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa kazi nyingine, mwaka 2005. Mgonjwa hupata nafuu ya pumzi, lakini haponi, kwa kuwa tatizo limeshaingia kwenye ukuta wenyewe wa mshipa.

Ukuta huo umefumwa kwa nyuzi za elastini, zinazouwezesha kutanuka damu inaposukumwa na kujirudi kama lastiki ya kiunoni. Mwili hutengeneza nyuzi hizi hasa tumboni mwa mama na utotoni. Zikikatika ukubwani, hazijengwi tena vizuri. Kinachozikata ni kimeng'enya kiitwacho elastasi, kitokacho kwenye chembe nyeupe za damu na kwenye misuli laini ya mshipa. Zikishakatwa, vichochezi vya ukuaji vilivyokuwa vimefungiwa ndani ya tishu unganishi huachiwa, misuli huzaliana, ukuta hunenepa na njia ya damu hubana. Kimeng'enya kingine, lisili oksidasi, huzifunganisha nyuzi za kolajeni, na ukuta hukakamaa. Upande wa kulia wa moyo, uliozoea kazi nyepesi, huelemewa mpaka ukashindwa.

Tunayajua mengi ya haya kutokana na kazi ya Marlene Rabinovitch, aliyeanza kuchunguza mapafu ya watoto wenye kasoro za moyo miaka ya 1970. Mwaka 2000 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wenye ugonjwa mkali walipona walipopewa dawa ya kuzuia elastasi. Hata hivyo, mpaka leo hakuna dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu. Vimeng'enya vya tishu unganishi hufanya pia kazi njema, kama kuponya vidonda, na kuvizuia ovyo kuna gharama. Marimastati, iliyovizuia kwa wagonjwa wa saratani, iliwaachia wengi maumivu ya viungo bila faida iliyotarajiwa.

Mafanikio yalikuja kwa njia ya jirani. Sotatasepti, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Machi 2024, haizuii elastasi. Inapunguza ishara zinazoziamuru chembe za ukuta kuzaliana. Katika jaribio lake kuu la watu 323, waliopewa dawa waliwazidi wenzao kwa takriban mita 41 katika mwendo wa dakika sita. Ila jaribio hilo halikuwapokea wagonjwa ambao shinikizo lao lilitokana na kichocho au VVU.

Hapo ndipo suala hili linapotugusa. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi mwambao wa ziwa upande wa Kenya na Uganda, kichocho cha matumbo ni ugonjwa wa kila siku. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, na ini likishakakamaa, mengine hupita hadi mapafuni na kuwasha uvimbe kwenye ateri. Watafiti wana hoja ya haki wanapowatenga wagonjwa hawa: ini bovu huweza kubadilisha namna mwili unavyoshughulikia dawa, na ugonjwa wa pili huchanganya matokeo. Lakini kila jaribio likisema hivyo, dawa itafika kwetu na ushahidi wa miili ya watu wengine.

Kuna wanaosema mjadala huu ni anasa, nao wana takwimu. Utafiti wa PAPUCO, uliohusisha wagonjwa 220 wa Afrika Kusini, Kameruni, Msumbiji na Nigeria, ulikuta asilimia 69 walikuwa na shinikizo lililosababishwa na ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo, na asilimia 16 tu ndio wenye ugonjwa wa ateri zenyewe. Kwa walio wengi, sindano za penisilini dhidi ya homa ya baridi yabisi na dawa za presha zinaokoa maisha kuliko kizuizi chochote cha kimeng'enya.

Nakubali, na sayansi ya vimeng'enya inawaunga mkono. Ukuta huanza kuharibika kabla mgonjwa hajahisi chochote. Mtoto mwenye tundu kubwa la moyo akiwahi kufanyiwa upasuaji, ateri zake husalimika; akichelewa, ukuta hukakamaa mpaka kuliziba tundu kunakuwa hatari kuliko kuliacha. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye vipimo vya eko, yaani picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, katika hospitali za wilaya, kwenye upasuaji kama ule wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kwenye vidonge vya prazikwanteli vya kutibu kichocho.

Shilingi ya pili ndiyo isisahaulike. Taasisi za utafiti wa tiba, NIMR ya Tanzania na KEMRI ya Kenya, zimekitafiti kichocho cha ziwa kwa miaka mingi. Kuwapima moyo kwa eko watu wenye ini lililoathirika na kuweka daftari la pamoja la wagonjwa ni kazi isiyohitaji dawa ghali. Daftari hilo likiwepo, kampuni inayotaka kuuza dawa yake hapa itaulizwa swali moja kabla ya bei: wagonjwa wa kichocho mliwajaribu wapi? Jibu likiwa hakuna, waanze nao.